Infirmier na Binini Sita

Mbele sijaanza, mujue kintu moja: muntu akisema mubaya juu ya Infirmier, muuguzi wetu wa zamani, na minye niko pale, maneno inaharibika. Mu soko ya Kikula, pahali ninauzisha makala, makaa ya kupikia, bote banajua. Mbele ya Pasaka, mwanamuke moja mwenye kuuzisha tomate alisema, tena na sauti kubwa: "Ule muzee? Kule Panda alikuwa anagawia bantu Zaburi pahali pa dawa."  Nilikamata beseni yake ya mayi ya kunawishia tomate, nikamunawisha yeye mwenyewe. Bakubwa ba soko bakatukalisha bote bawili ku ofisi mpaka saa kumi ya mangaribi. Sikujuta. Nilijuta kidogo juu ya tomate, yenyewe haikusema kintu.

Ile ile poso, yaani juma, Infirmier alinitumia neno nipite kwake. Nilifikiri ni kunikaripia juu ya beseni. Akanikalisha ku kiti, akafunga mulango, akasimama kama mutoto wa masomo mbele ya mwalimu.

"Mwana," akasema, "ile mwaka baba yako alipata malaria ya nguvu, nilipashwa kumupa binini, bidonge bya malaria, kumi na mbili. Nilimupa sita. Sita ingine nilipelekea bibi yangu."

Akaweka mikono nyuma. 

"Unipeleke kwa baba yako. Nataka nimuambie mwenyewe, Pasaka haiyafika."

Miaka munane ule muntu haikupokea komunio. Siku zote misa, siku zote kuimba, lakini bantu bakisimama kwenda kupokea, yeye anabakia ku banc ya nyuma, anaangalia viatu. Padiri alishamusamehe zamani mu kitubio. Lakini Infirmier na Bible yake, hauwezi kubadanganya. Anasema mu Matayo, Bwana aliagiza: ukifika na sadaka, ukakumbuka ndugu yako iko na neno juu yako, acha sadaka pale pale, enda kwanza upatane na ndugu. Haikuandikwa upatane na padiri. Basi sadaka yake ilibakia pale miaka munane, juu ndugu ni baba yangu, na Infirmier alikuwa anamuogopa baba yangu kupita shetani.

Nitarudilia pale. Kwanza mujue ni muntu wa namna gani, juu mukianzia ku binini mutamuona vibaya, na minye sitaki kunawisha bantu bengine.

Tulimujua mu dispanseri ya kambi ya kampani, kule Panda. Blouse yake nyeupe, bibi yake alikuwa anaipiga pasi mpaka inasimama yenyewe. Doctor alikuwa anapita mara moja ku poso. Siku zingine zote doctor ni yeye. Alikuwa anakata karatasi, anaikunja vizuri, anatia binini ndani, na juu yake anaandika na Bic: mbili asubui, mbili mangaribi. Na chini yake: Zaburi 27. Muntu mwenye homa, Zaburi 91. Mwanamuke mwenye mimba, wimbo ya Maria. Mwanaume mwenye kuja na jicho imevimba juu alipigana na bibi yake, huyo anapata mafuta ya kupakala na Mezali 15, pale panasemwa juu ya jibu ya upole. Kuko mwanaume moja wa ku avenue yetu alijua Mezali 15 yote na kichwa. Jicho yake haikupona hata siku moja.

Siku moja akafika mutumikaji mupya, wa kutoka mugini, ndiyo kwanza bamuandike kazi ku four, tanuru ya kuyeyusha shaba. Homa. Akapata karatasi yake, akaenda. Poso ya pili huyu hapa, anatetemeka, macho nyekundu.

"Binini iko wapi?" Infirmier akauliza.

"Iko salama, papa. Nilificha mu malle, sanduku yangu."

"Na Zaburi?"

"Zaburi nilitia mu mayi, nikakunywa yote, papa. Mara tatu kwa siku. Imeisha. Unipe ingine."

Bantu ku foleni bakacheka mpaka bakashika ukuta. Infirmier hakucheka. Akapiga meza. "Mungu aliumba miti, na miti njo inatoa dawa! Unafikiri aliziumba juu ya kupamba dunia? Meza, weye mujinga wa Bwana!" Kuanzia ile siku akaandika na mistari chini: MEZA hii, SOMA ile. Anamwambiaka kila muntu kama kumeza bila kusoma ni kiburi, na kusoma bila kumeza ni uvivu.

Minye masomo niliacha mwaka ya tatu, habakunifukuza, tulikosana. Kusoma nilijifunza na ile makaratasi. Mama alikuwa anazichunga mu kopo ya maziwa, mingi, juu sisi batoto tulikuwa tunagonjwa sana. Neno ya kwanza nilisoma minye peke yangu mu maisha ni "mangaribi". Nyuma yake nikaenda kwake kuuliza Zaburi iko na nini ndani, akanipa Bible nisome palepale mu dispanseri, ku banc, kati ya bagonjwa. Nikikosea, anasahihisha bila kugeuka, sindano mu mukono.

Lakini sindano! Hapa nitamucheka, na anajua ninamucheka. Muntu mwenye kuambia kambi nzima "usiogope", muntu mwenye kuchoma batoto elfu ku matako, yeye mwenyewe anaogopa sindano. Mwaka moja bakaleta chanjo, bakasema bauguzi bachanjwe ba kwanza, bantu bote baone. Tukajipanga. Infirmier hakuna. Tukatafuta. Bibi yake akamukuta nyuma ya choo, anasoma Zaburi 23. Akamuvuta na sikio mbele ya kambi yote. Yeye anajitetea: "Bonde ya kivuli ya kifo nitapita. Lakini haikuandikwa kama mu bonde kuko sindano." Bakamuchoma. Akaanguka. Bakamulalisha ku kitanda yake mwenyewe ya bagonjwa, na bibi yake akamuandikia karatasi: mayi ya sukari moja, Zaburi mbili.

Huyu bibi yake, tunamuitaka Mama Infirmier, ni muntu mufupi, kinywa murefu. Bwana yake anapenda kusoma Ayubu kila shida ikifika, na shida ilikuwa inafika. Mama Infirmier anasikiliza, mukono ku majani ya sombe, anasema: "Ule bibi ya Ayubu, mu Bible nzima balimupatia mustari moja, na tena bakamutukana juu yake. Minye nikifika kule juu, nitaomba kitabu."

Ile miaka mikutano ilikuwa ya chama peke yake. Kusali mu nyumba na bantu bengi, hapana. Banaweza kusema munapanga maneno. Infirmier alikuwa anakusanya bantu kwake kila siku ya ine ya poso, saa kumi ya mangaribi, bantu kumi, kumi na tano, anabasomea. Bible yake ilikuwa inapasuka, basi Mama Infirmier akaishonea nguo. Kitenge alikuwa na yo moja tu, ile ya chama, yenye sura ya Mukubwa wa inchi. Akakata, akashona, na sura ikaangukia katikati kabisa, macho inakuangalia.

Siku moja bavijana ba chama bakaingia. Moja, mukubwa wao, akakamata Bible, akaiinua juu aipige chini. Mama Infirmier akasema polepole: "Tupa. Tupa Mukubwa wa inchi mu mavumbi, sisi bote tuko tunaangalia."

Mukono ya ule kijana ikabakia juu. Ikabakia.  Akashusha ile Bible ku meza kama yai, akaipangusa mavumbi, bakaenda.

Miaka mingi Infirmier alisimulia ile habari kama yeye njo alisema lile neno. Nilimusikia na masikio yangu. Bibi yake iko pale, anamuacha. Nikamuuliza: "Mama, mbona haumusahihishe?" Akasema, "Mwana, yeye ile saa alikuwa anasali, macho imefungwa. Haikuona nani alisema. Kasha anafikiri ni Mungu."

Musifikiri alikuwa muntu wa maneno tu. Mutoto wao wa kwanza alikufa na surua, siku tatu. Ku kaburi, Infirmier mwenyewe akasoma, mwanzo ya Ayubu, yote, bila kukosea. Alipofika pale Ayubu anasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa, akasoma, akafunga kitabu. Padiri akamuambia asome na mwisho, kwenye Ayubu anapata batoto bengine. Akakatala. "Mwisho sipendi," akasema. "Batoto bapya habarudishe wa kwanza. Nitamuuliza Mungu juu ya ile mwisho, siku yangu ikifika." Na kesho yake, saa kumi na mbili ya asubui, alikuwa ku dispanseri, blouse inasimama. Minye ile ninaita imani. Bengine baiite vile banataka.

Alipopata pansioni, akatoka mu nyumba ya kampani, akajenga kwake Kikula, matofali ya udongo. Mvua ya kwanza ikabeba mabati. Tulikimbia kumusaidia, tukamukuta anakaa ku kitanda chini ya mwavuli, anasoma ile Zaburi inasema Mungu ni kimbilio, inchi hata igeuke. Anasoma na uso ya malaika. Pale pale seremala mwenye alipigilia ile mabati akapita mu barabara. Infirmier akaweka kidole mu Bible asipoteze pahali, akatoa kichwa, akamuambia maneno mu Kiluba yenye haiko mu Zaburi yoyote. Akarudisha kichwa, akaendelea na mustari.

Basi, ile mwaka ya dawa.

Dawa ilianza kupunguka, kwanza polepole. Armoire ya dispanseri ikawa na mavumbi pahali pa makopo. Yeye akaendelea kukunja karatasi. Siku kulikuwa dawa, dawa na Zaburi. Siku haikuwako, anaandika Zaburi, na chini yake anaandika: "Dawa hakuna. Utafute. Mungu aliona." Ile njo ule wa tomate anasema alikuwa anagawia Zaburi pahali pa dawa. Non. Alikuwa anaona haya ya kuacha muntu atoke mikono mitupu.

Baba yangu alikuwa mashinisti, dereva ya treni ya kampani, muntu mwenye hasira. Munaona nilitoa wapi yangu. Alianguka na malaria, anatukana hata kitanda. Nilikuwa kasha, labda, na miaka kumi na tatu. Infirmier akaleta karatasi, na kila asubui mbele ya kazi anapita kwetu, anamutia kinini mu kinywa, anamuambia "fungua nione", anamusomea, anaenda. Kila asubui. Sikuona muntu mwingine kufanya vile. Ile njo ilinifanya nimupende kama muzazi.

Na sasa ananiambia ku kiti yake ya Kikula: ile siku Mama Infirmier pia alikuwa na homa, mu nyumba yake, na mu armoire kulibakia kumi na mbili, basi. Mu kitabu ya dispanseri jina ya baba yangu ilikuwa juu. Akazipanga ku meza. "Nilimuambia Mungu: weye uligawanya mikate tano, bantu elfu bakashiba. Hapa kuko bantu bawili tu. Fanya. Nikakata katikati."

"Na ile kupita kila asubui?" nikauliza.

"Nilikuwa naogopa atakufa, mwana. Nilikuwa nakuja kuangalia kama nimemuua."

Nikasimama, nikatoka bila kuaga. Kumbe ile yote nilifikiri ni mapendo, ni boga, ni kuogopa tu. Poso mbili sikupita mu avenue yake. Makala niliuzisha vibaya, nikakosana na bantu benye kununua vizuri. Mama Infirmier akanitumia neno moja tu: "Bwana yako wa Zaburi hakuli chakula. Na minye niko nazeeka, nataka kupokea na yeye pembeni yangu, mbele banipeleke ku makaburi." 

Ni ule mwanamuke wa tomate, tena, njo alinisaidia, bila kujua. Akapita mbele ya makala yangu: "Na muzee wako wa Zaburi, habari?" Na kinywa yangu ikafunguka mbele niwaze, ikaanza kumutetea: kaburi ya mutoto, blouse, kila asubui, kila asubui! Ikatetea mpaka nikajisikia mwenyewe. Nikafunga gunia. Nikaenda kumukamata Infirmier kwake.

Ilikuwa siku ya tatu ya poso, ile ya mbele ya Pasaka. Akavaa kravati. Mama Infirmier akavaa viatu, akasema anataka kuona. Kutoka Kikula mpaka Panda na miguu, Infirmier alisimama mara ine.

"Kasha alitoka."

"Papa haendake pahali popote. Magoti inamuuma."

"Kasha analala."

"Saa tisa ya muchana?"

"Ile saa bazee banalalaka," akasema, yeye mwenye kupita baba yangu na miaka mbili.

Baba anakaa sasa kwa kaka yangu, mu kambi. Tulimukuta mbele ya nyumba, anatengeneza velo, baisikeli ya kaka, anaitukana. Akainua macho, akaona kravati.

"Nani alikufa?"

"Hakuna, ndugu," Infirmier akasema. Akakatala kiti. Akasema yote amesimama: kumi na mbili, armoire, mikate tano, sita. Sauti ilikuwa kidogo mpaka baba aliinama kusikia. Akamaliza: "Nilikukatia maisha yako katikati, nikapeleka nusu kwangu. Nakuomba pardon."

Baba aliangalia gurudumu ya velo. Minye nilikamata pompe ya kutia upepo, sijue juu ya nini. Kama anamupiga, nilitaka kuwa na kintu mu mukono, na sikujua nitapiga nani.

"Sita," baba akasema.

"Sita."

"Ile binini ilikuwa chungu."

"Ni kinini, ndugu, iko chungu."

"Chungu sana."

"Najua."

"Minye nilimeza moja."

Infirmier akalegeza kravati.

"Ile ya kwanza," baba akasema. "Kiisha nikajiambia, kufa kwenyewe hakuwezi kuwa chungu vile. Zingine nilikuwa naweka chini ya ulimi. Ukitoka, natemea kuku mu dirisha."

"Lakini nilikuambia ufungue! Niliangalia!"

"Chini ya ulimi haukuangalia."

Ile sura ya Infirmier, sikuiona hata siku bavijana ba chama baliingia. Akawa mwekundu, akakuwa murefu. "Tano! Binini tano! Kwa kuku! Ile mwaka! Bantu balikuwa banatembea na miguu mpaka Kambove kutafuta moja! Na minye, miaka munane, miaka munane nakaa nyuma mu kanisa kama mwizi, juu ya kuku!"

"Kuku haikupata malaria," baba akasema.

Mama Infirmier alishaketi chini mu mavumbi, kitenge ku macho, anacheka mpaka analia. "Zangu nilimeza yote sita," anasema, "yote, na sikuambiwa zinatoka wapi!"

Infirmier alizunguka ile velo mara mbili. Akasimama. Sauti ikashuka. "Na nani alikuponyesha basi?"

"Unaniuliza minye?" baba akasema. "Minye ni mashinisti. Weye njo unasomaka." Kiisha akasema, bila kumuangalia: "Binini nilitema, ndugu. Kusomewa sikutema. Ile ya asubui, nilikuwa nangojea." Akapangusa mikono na kitambaa ya mafuta. "Juu ya sita, nilishakusamehe tangu ulivaa kravati. Sasa weye unisamehe juu ya tano."

"Hapana."

"Namna gani, hapana?"

"Niko na hasira. Nitasali kwanza."

"Basi minye pia sitapokea Pasaka, maana ndugu yangu iko na neno juu yangu," baba akasema, na nilishangaa anajua Matayo. "Tukae nyuma bawili. Miaka munane ingine."

"Munane ingine!" Mama Infirmier akasimama, mavumbi ku matako. "Minye nitakufa, na haitakuwa juu ya malaria!"

Siku ya Pasaka kanisa ilijaa mpaka inje. Nilisimama ku mulango juu nilichelewa. Bantu bakasimama kwenda kupokea, na mu mustari nikabaona: Mama Infirmier mbele, kichwa juu kama anapokea médaille, nyuma yake baba na fimbo, nyuma ya baba, blouse hapana, kravati ndiyo, Infirmier. Balikuwa banakosana mu sikio. Nilisikia "kuku". Nilisikia "ssss" ya bamama ba Legio ya Maria.

Baba akafika, akafungua kinywa, akapokea, akafunga. Akataka kugeuka. Infirmier akamukamata na mukono, akamuambia, si polepole: "Nimekusamehe. Fungua."

Baba akafungua.

"Inua ulimi."

Baba akainua ulimi. Infirmier akainama, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule, na kanisa yote inangoja, na padiri anangoja, hostia mu mukono. Hapakuwa kintu. Alimeza.

Njo Infirmier akageukia padiri, akafunga macho, akafungua kinywa yake.